Apeli isiwe kaburi ya dosiye zetu

Kila mutu anayechimba dhahabu huku kwetu Fizi anajua maneno matatu ya tribinali, hata kama hakumaliza shule: dosiye, avoka, apeli. Mawili ya kwanza tumeyazoea. La tatu njo linatutia woga. Ukiambiwa "mwenzako amefanya apeli", ni kama kuambiwa maji imeingia ndani ya shimo: kazi inasimama, na hakuna anayejua siku gani maji itatoka.

Sisi wachimbaji na familia zetu, kuanzia Nundu, Swima na Mboko mpaka Baraka, Lulimba na Misisi, tunataka kusema leo juu ya jambo hilo. Hatuandiki kwa kumushitaki muamuzi fulani wala avoka fulani. Tunauliza swali moja tu: juu ya nini hukumu ambayo sheria inaihesabu kwa siku, sisi tunaingojea kwa miaka?

Sheria inahesabu siku

Tuanze na sheria yenyewe, maana watu wengi wanafikiri kama kukawia ni desturi ya tribinali na hakuna kitu kilichoandikwa. Kimeandikwa. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kwenye kifungu cha 19, inasema kila mutu ana haki kesi yake isikilizwe na muamuzi anayehusika, kwa muda unaofaa. Kifungu cha 21 kinasema hukumu iandikwe, itoe sababu zake, isomwe mbele ya watu, na kwamba haki ya kukata rufaa ni ya wote. Tena Kongo ilitia sahihi Mukataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ambao kwenye kifungu cha 7 unarudilia neno lilelile: kuhukumiwa kwa muda unaofaa. Basi haki ya apeli na haki ya kujibiwa mapema ni ndugu wawili. Hauwezi kumupa mutu mumoja na kumunyima mwingine.

Sasa angalieni upande wetu. Kwa kesi ya kosa, ile ya penali, mutu ana siku 10 za kufanya apeli. Kwa kesi ya civil, kama vile deni, kiwanja ao mali, ana siku 30. Ukichelewa siku moja, apeli yako imekufa. Hata kama mutoto alikuwa mugonjwa kwenye hospitali ya Nundu, hata kama barabara ya Uvira ilikatika na mvua, hawatakuuliza. "Délai imepita, papa." Imeisha.

Kwa waamuzi pia sheria imeweka muda. Wakisha kufunga mjadala na kuchukua dosiye en délibéré, hukumu inapashwa kutoka kwa hesabu ya siku, si ya miaka. Lakini tofauti iko hapa: mulalamikaji akichelewa, anaazibiwa palepale, tribinali ikichelewa, hakuna kitu kinaanguka. Hukumu itatoka siku itakapotoka, na itakuwa na nguvu ileile. Kwa hiyo saa inapiga kwa mutu mudogo tu.

Njia ndefu kutoka Nundu

Wale ambao hawajapita njia hii wajue inavyokwenda. Makosa ambayo azabu yake haipiti miaka 5 yanahukumiwa kwanza na tribinali de pe, yaani tribinali ya amani. Ukikata rufaa pale, unapanda kwenye Tribunal de grande instance, na sisi wa Fizi tumezoea kuelekea Uvira. Makosa makubwa zaidi yanaanzia kwenye Tribunal de grande instance, na apeli yake inapanda mpaka Cour d'appel, Bukavu. Kama mushitakiwa ni askari, njia ni ingine: tribinali ya kijeshi ya garnizo, halafu Cour militaire. Na kama ni ofisa mukubwa ambaye kesi yake ilianzia kwenye Cour militaire, apeli yake iko Kinshasa, kwenye Haute Cour militaire.

Kutoka Nundu mpaka Uvira ni barabara ya kandokando ya ziwa. Kutoka Uvira mpaka Bukavu ni zaidi ya kilometa 100 ingine, kupitia Kamanyola na milima. Kinshasa ni ndege. Mwanamuke mwenye kuuza mihogo kwenye soko ya Mboko, mume wake akiwa kwenye gereza anangojea apeli, atafuata dosiye mpaka wapi? Anafika, wanamwambia: "Composition haijatimia, rudi mwezi ujao." Anarudi mwezi ujao, wanamwambia: "Dosiye haijafika kutoka grefe ya kule." Safari ya tatu haendi tena. Makuta imeisha. Tangu siku hiyo dosiye inabaki peke yake, kama mutoto asiye na mutu wa kumuulizia.

Mihogo inangoja, dhahabu haingoji

Kuna jambo ambalo watu wa tribinali pengine hawalioni vizuri, na sisi njo tunapashwa kuwaeleza, maana ni kazi yetu.

Tuseme watu wawili wanagombania shamba. Kesi inaenda apeli, inakaa miaka mitano. Ni vibaya, lakini siku hukumu inatoka, shamba liko pale. Udongo haukukimbia. Mwenye haki atalima tena.

Sasa tuseme PDG wawili wanagombania shimo. Mumoja anasema ni yeye aliyefungua, alinunua mbao, alilipa chakula cha wachimbaji miezi sita kabla ya kuona hata punje moja ya dhahabu. Mwingine anasema shimo liko ndani ya kipande alichopewa na wenye udongo. Muamuzi wa kwanza anamupa haki mumoja wao. Yule aliyeshindwa anafanya apeli. Apeli, kwa kawaida, inasimamisha utekelezaji wa hukumu: yule aliyeshinda hawezi kuingia, yule aliyeshindwa hapashwi kuendelea, na shimo linafungwa.

Nini kinatokea? Mvua ya kwanza inaingiza maji. Mbao zinaoza. Mwaka wa pili ukuta unaanguka. Na wakati shimo lile limefungwa juu, kuna wengine wanatoboa kutoka pembeni, usiku, wanafuata mushipa wa dhahabu chini kwa chini. Siku Cour d'appel itakaposema "shimo ni la fulani", fulani huyo atapokea shimo lenye maji na mawe matupu. Atakuwa ameshinda kwenye karatasi. Na wale wachimbaji makumi mbili ao makumi tatu waliokuwa wakila kwenye shimo lile, hakuna aliyewahesabu kwenye kesi. Majina yao hayako kwenye dosiye, lakini wao njo walilipa kukawia.

Ndiyo maana tunasema: kwa kesi ya mugodi, hukumu iliyochelewa si hukumu nusu. Mara nyingi si hukumu kabisa.

Tufikirie pia mujane ambaye mume wake alikufa ndani ya shimo. Tribinali ya kwanza imesema mwenye shimo alipe fidia. Mwenye shimo anafanya apeli. Ni haki yake. Lakini watoto wanakula leo. Mwaka wa shule unaanza mwezi wa tisa, haungoji dosiye. Mujane anayeona miaka inapita, siku moja atakubali sehemu ndogo sana ya ile tribinali ilimupa, atatia kidole kwenye karatasi, na watasema "walisikilizana". Hawakusikilizana. Mumoja alikuwa na uwezo wa kungoja, mwingine hakuwa nao.

Na yule aliye gerezani? Tuseme amehukumiwa miaka 2, anasema hakufanya, anafanya apeli. Miaka 2 inaisha mbele apeli isikilizwe. Anatoka. Hata wakimwambia kesho "kweli, haukuwa na kosa", nani atamurudishia siku zile? Tena tunajua gereza zetu zinavyolisha watu: bila familia kuleta chakula, mutu anaisha. Kwa hiyo kila mwezi wa kungojea apeli ni azabu ya watu wawili, yule wa ndani na yule anayebeba sahani.

Baraka 2011, Kavumu 2017: inawezekana

Kuna watakaotujibu: "Huko kwenu ni mbali, kuna vita, tribinali itafanya nini?" Tunawajibu kwa mambo yaliyotokea, tena hapa hapa.

Tarehe 1 mwezi wa kwanza 2011, askari waliingia Fizi-centre na kubaka wanawake. Aliyekuwa akiwaongoza ni luteni-kanali Kibibi Mutware. Cour militaire ya Sud-Kivu haikungoja wanawake wale wapande mpaka Bukavu. Ilishuka yenyewe Baraka, ikakaa kama korti ya kutembea, audience foraine. Wanawake 49 walitoa ushuhuda. Tarehe 21 mwezi wa pili, hukumu ikasomwa mbele ya watu wa Baraka: watu 9 walipatikana na kosa, na kanali na maofisa wengine watatu wakapewa miaka 20 kila mumoja kwa kosa la uhalifu dhidi ya binadamu. Kutoka siku ya kosa mpaka siku ya hukumu hata miezi miwili haikutimia. Kwa daraja la kwanza, basi, umbali haukuwa sababu. Lakini ngazi ya apeli ya kesi kama ile iko Kinshasa, na Kinshasa watu wa Fizi hawafikiki. Daraja moja lilikuja mpaka kwetu, lile la juu likabaki ngambo ya nchi.

Mufano wa pili unaonyesha kama hata daraja la juu linaweza kushuka. Kule Kavumu, karibu na Bukavu, watoto wa kike wadogo walikuwa wakichukuliwa usiku na kubakwa na watu wa musituni. Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2017, Cour militaire, ikiwa imekaa Kavumu kwenyewe, iliwahukumu kifungo cha maisha Frederic Batumike, aliyekuwa deputé wa jimbo, na watu wake. Wakafanya apeli. Haute Cour militaire ya Kinshasa ikafunga safari, ikaja kukaa Bukavu, na tarehe 26 mwezi wa saba 2018 ikathibitisha hukumu. Hesabuni: miezi 7 na siku chache. Kesi kubwa, ya mutu mukubwa, yenye mashahidi watoto, apeli yake ilichukua muda mufupi kuliko kesi ya shimo moja la dhahabu kati ya majirani wawili.

Tunajua vizuri kwamba kesi ya Kavumu ilikuwa na macho ya dunia yote juu yake. Kulikuwa maavoka, kulikuwa mashirika, kulikuwa makuta ya safari. Hatuone wivu juu ya wale watoto, hata kidogo. Lakini kesi ile imetufundisha jambo: kukawia si hali ya hewa. Si mvua inayotoka kwa Mungu. Ni mambo ya kupanga. Wanapotaka, apeli inaisha kwa miezi 7.

Apeli ni dawa, tusiitupe

Wengine kati yetu, kwa hasira, wanasemaka: "Basi wafute apeli, hukumu ya kwanza ibaki." Hapo hatukubali. Tulikuwa na mufano katika jimbo la jirani: Cour militaire opérationnelle iliyohukumu kesi ya Minova mwaka 2014 haikuwa na apeli. Iliyoamuliwa iliamuliwa. Mutu akionewa pale, hakuna mulango mwingine. Hiyo si haki tunayoitafuta.

Muone pia mambo ya Dar es Salaam, ambayo wapenda muziki wote wanayajua. Nguza Viking, yule Babu Seya, mupiga gitaa mwenye asili ya Kongo aliyepiga na Maquis, alihukumiwa kifungo cha maisha kwenye Korti ya Kisutu mwezi wa sita 2004, pamoja na watoto wake watatu wa kiume, kwa makosa ya kubaka watoto. Apeli ya kwanza, kwenye High Court, ilijibiwa mwezi wa kwanza 2005: wote wanne wakabaki ndani. Apeli ya pili, kwenye Mahakama ya Rufani, ilijibiwa mwezi wa pili 2010. Safari hii watoto wawili kati ya wale watatu wakaachiliwa: waamuzi waliona hakuna ushahidi wa kutosha juu yao. Baba na Papi Kocha walibaki mpaka raisi Magufuli alipowasamehe tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2017. Na mwaka 2018 Korti ya Afrika ya Arusha ikasema kuna haki zao ambazo hazikuheshimiwa kwenye kesi ile.

Tunasoma mambo mawili pale. La kwanza: bila apeli, wale ndugu wawili wangekufia gerezani. Kwa hiyo apeli inaokoa. La pili: kati ya jibu la mwaka 2005 na jibu la mwaka 2010 kuna miaka 5, na miaka ile waliilipa watu ambao mwisho walionekana hawapashwi kuwa ndani. Dawa ilikuwa nzuri. Ilikuja wakati mugonjwa amelala kitandani miaka mitano.

Kwa nini inakawia

Tumeuliza maavoka, tumeuliza watu wa grefe, na majibu yanafanana.

Cour d'appel inakaa na waamuzi watatu. Akikosekana mumoja, kwa ugonjwa ao kwa safari, audience inaahirishwa. Akihamishwa mumoja wakati kesi iko katikati, anayekuja hakusikia mashahidi. Inapashwa kufungua mjadala upya. Kesi inayoanza upya mara mbili imekula mwaka.

Kisha kuna dosiye yenyewe. Ni makaratasi, yameandikwa kwa mukono, yanasafiri ndani ya mufuko. Grefe ya chini inapashwa kuyatuma kwenye grefe ya juu. Nani analipa safari? Mara nyingi jibu ni: wewe mwenye kesi. Kama hauna, karatasi zinangoja gari.

Kisha kuna kuita watu. Mutu wa Misisi amehamia chantier ingine, hakuna adresi, mujumbe wa tribinali hawezi kumupata, na bila kumuita vizuri, kesi haiwezi kuendelea.

Kisha vita. Mwezi wa pili 2025 M23 iliingia Bukavu, serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule M23 ikaingia Uvira, na watu wakakimbia, wengi kuelekea Burundi, wengine kushuka Baraka na Fizi. Jiulizeni: mutu aliyefanya apeli mwaka 2023 ao 2024, dosiye yake ikiwa kwenye kabati ya Bukavu, amulilie nani? Mufungwa amekuwa upande mumoja wa mustari wa vita, makaratasi yake upande mwingine. Kosa si la muamuzi. Lakini si la mwenye kesi vilevile, na yeye njo anayebeba.

Mwisho kuna sababu ambayo watu wanaisema kwa sauti ya chini: kuna wenye makuta wanaofanya apeli wakijua hawatashinda. Hawatafuti haki, wanatafuta muda. "Tutamuchosha." Wanajua mwenzao hawezi kufika Bukavu. Wanajua ndani ya miaka miwili dhahabu itakuwa imetoka. Kukawia kwa korti ni mali kwao. Kwa hiyo kila mwezi ambao korti inaongeza, hata bila kutaka, inawapa silaha wale wenye nguvu.

Na pale ambapo tribinali hajibu, kuna wengine wako tayari kujibu. Hapa Fizi tunajua ni nani: wenye bunduki. Hao hawana délibéré. Unapeleka shida asubuhi, mangaribi wameamua, na mushindi atalipa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Mutu anayekwenda kwao si kila mara mutu mubaya. Mara nyingi ni mutu aliyengoja hukumu mpaka akachoka. Serikali inayotaka amani huku ianze kuhesabu hukumu zake zilizolala.

Kinachowezekana kufanywa sasa

Kwa wasomaji wetu ambao wako ndani ya apeli leo, kuna mambo machache ya kushika.

Fanya apeli kwenye grefe, na usitoke bila karatasi inayoonyesha tarehe. Maneno ya mudomo hayafai. Chunga kopi za kila karatasi, tena uziweke sehemu mbili: kwako na kwa ndugu aliye kijiji kingine. Grefe ikiungua ao ikiibiwa, kopi yako njo itasaidia kujenga dosiye upya.

Kama hauna uwezo wa kulipa, omba attestation d'indigence, na uulize bureau ya consultations gratuites ya maavoka. Hiyo si kuomba musaada wa bure kwa aibu. Ni haki iliyopangwa.

Kama ndugu yako amefungwa na amefanya apeli, avoka wake anaweza kumuombea uhuru wa muda kwa muamuzi wa apeli. Katiba, kifungu cha 17, inasema uhuru ni kawaida, kifungo ni tofauti. Watu wengi wanangoja kimya juu hawajui kama mulango huo uko.

Na kama kesi imekwisha kusikilizwa, lakini muamuzi anakataa kutoa hukumu, sheria ya mwaka 2013 juu ya Cour de cassation inaliita jambo hilo kwa jina lake: déni de justice. Inahakikishwa kwa barua mbili zinazopelekwa na mujumbe wa tribinali, ule tunaitaka huissier, zikiachana angalau siku 8. Tunajua kesi yenyewe inaendea Kinshasa, na si kila mutu ataweza. Lakini mara ingine barua ya kwanza tu, ikiandikwa kwa heshima, inaamsha dosiye iliyolala.

Kwa wakubwa wa haki, tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalotaka sheria mupya.

La kwanza: Cour d'appel ishuke Baraka. Sheria inaruhusu korti kukaa kwa audience foraine. Kama Cour militaire iliweza kuja mwaka 2011, na kama Haute Cour ya Kinshasa iliweza kuja Bukavu mwaka 2018, basi waamuzi watatu wa apeli wanaweza kuja Baraka mara mbili kwa mwaka na kumaliza apeli za Fizi. Ni rahisi zaidi kusafirisha waamuzi watatu kuliko kusafirisha wenye kesi mia tatu.

La pili: orodha ya apeli itangazwe. Kila miezi mitatu, karatasi ibandikwe kwenye ofisi ya sekta, kule Nundu na kwingine, na isomwe kwenye redio ya Baraka: kesi namba fulani, imefika siku fulani, iko wapi leo. Hakuna siri pale. Hukumu ni jambo la watu wote. Dosiye inayosomwa kwenye redio hailali sana.

La tatu: waliofungwa waende mbele, na nyuma yao kesi za mashimo. Anayengojea nyumbani anaweza kungoja zaidi kuliko anayengojea gerezani. Na shimo lililofungwa lipewe muamuzi mapema, ama korti iweke mutu wa katikati, kwa mufano koperative ambayo pande zote mbili zinaikubali, alichunge na kuandika kila kinachotoka, mpaka hukumu ipatikane. Hivyo hakuna atakayepata faida kwa kukawisha.

La ine: dosiye za Bukavu na Uvira zilizopotea ao zilizofungiwa upande wa pili wa vita zihesabiwe, na zile zinazoweza kujengwa upya kwa kopi za wenye kesi zijengwe. Mutu asibaki gerezani kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna anayejua iko wapi.

Mwezi wa kumi na moja 2024, wakubwa wa nchi walikutana Kinshasa kwenye États généraux de la justice, wakasema wenyewe kama haki ya Kongo ni mugonjwa. Tuliwasikia kwenye redio, na tulifurahi kusikia neno hilo kutoka midomo yao. Lakini mugonjwa hawezi kupona juu daktari ametaja jina la ugonjwa.

Huku kwetu, mutu akiingia shimoni, wale wa juu wanashika kamba. Yeye chini anavuta mara moja, wa juu wanajibu. Wasipojibu, anajua kuna shida, anaacha kazi, anatafuta namna ya kutoka. Apeli ni kamba yetu. Tumevuta siku nyingi. Tunaomba walio juu watujibu, hata kama jibu lenyewe ni "umeshindwa". Kushindwa tunaweza kukubali, tukachukua vyombo vyetu na kuanza shimo lingine.